Mbuzi wanapita, ng'ombe wanagoma
Jana usiku binti yangu alikuwa anaandika kazi ya shule kwenye laptopu yangu. Akakopi aya moja, akaacha kidole hewani. "Baba, sasa hivi haya maneno yako wapi? Hapa bado yapo, na kule sijayaweka."

Nikamwambia yako kwenye ubao wa kunakili.

"Ubao gani?"

Nikajifanya nimesikia maji yanachemka jikoni.

Aliyenijia kichwani ni yule mzee bwana mifugo. 2013, enzi zile za programu yetu ya kuandikia ripoti, ile iliyotulaza ofisini. Wiki tatu alikuwa anapiga simu: programu inajifunga yenyewe, kazi yote inapotea. Kila mara ilijifunga anapohifadhi, kwa hiyo nami nikawa nachimba kwenye kuhifadhi tu. Nikalaumu kirusi. Nikalaumu umeme. Nikamwambia azime awashe, ile dawa yetu ya magonjwa yote. Kwangu haikuwahi kufa hata mara moja, maana nilikuwa najaribu kwa yale maandishi ya Kilatini ya kujazia kurasa.

Mwisho akaja mwenyewe, na laptopu yake imefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa uone, kijana."

Hakutaka nimwelekeze. Aliandika kwa vidole viwili, taratibu, *mbuzi* mara ishirini. Akakopi, akapesti, akahifadhi. Salama. Akaandika *kondoo*. Salama. *Punda*, salama. Akanitazama juu ya miwani, akaandika *ng'ombe* mara ishirini, akakopi. Kimya, hakuna lililotokea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme unaona mzee, iko sawa. Akapeleka kishale kwenye menyu ili ahifadhi, na dirisha lote likapotea. Ikabaki picha ya mjukuu wake kwenye skrini.

"Mbuzi wanapita," akasema. "Ng'ombe wanagoma."

Nikaandika *ng'ombe* mmoja. Akapita. Wawili wakapita. Kumi, tukaaga dunia tena.

Mengine yalikwenda haraka. Ukikopi, programu haiweki nakala moja ubaoni, yaani kwenye kumbukumbu ya muda inayoshikilia ulichokopi, inaweka kadhaa: maandishi matupu, na pia ya HTML, lugha ya kurasa za wavuti, yenye mapambo yake, ambayo kwenye Windows lazima yawe ya UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti, vile vipande vidogo vya kumbukumbu. Humo a mpaka z kila herufi ni baiti moja. Lakini programu yetu, kwa kujipendekeza, ilikuwa inageuza ritifaa, ile alama iliyo ndani ya ng'ombe, kutoka iliyonyooka kuwa ile ya kujikunja kama ya vitabuni, na hiyo inakula baiti tatu. Msimbo, yale maagizo ya programu, ulihesabu herufi, ukaomba kwenye kumbukumbu nafasi ya baiti idadi hiyohiyo, kisha ukamimina maandishi yote. Kila ng'ombe alimwaga baiti mbili kwa jirani. Wachache walijibana kwenye nafasi inayobaki mwishoni, kwa sababu mfumo ukigawa kumbukumbu huzidisha kidogo. Wakiwa kundi, wanakanyaga shamba la mtu. Na hata hapo programu haifi papo hapo, inakufa baadaye, siku inapoguswa pale palipokanyagwa. Aliyekula sumu asubuhi akaangukia sokoni jioni, na mimi wiki tatu nahoji wauza nyanya.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Msimbo ule niliuandika mimi, kama mlikuwa mnajiuliza.

Nilimweleza mzee habari za ritifaa na baiti. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Si nilikwambia ni ng'ombe?"

"Ulisema, mzee."

Alisema kweli. Alipoondoka nilifungua daftari la malalamiko, wiki ya kwanza kabisa. Maneno yake nilikuwa nimeyaandika kama alivyoyatamka: *anasema ng'ombe hawakopiki*. Pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *mtumiaji haeleweki*. Nilifikiria kuyafuta hayo ya pembeni. Sikuyafuta, wala sijui niliyaacha kwa ajili ya nani.

Niliporudi kutoka jikoni, binti yangu alikuwa amefungua waraka wangu mwingine kwa bahati mbaya, ule ninaojaribia kila programu mpya.

"Baba, hawa ng'ombe wote ni wa nani?"