Ramu nyeupe na ramu nyeusi: kinachozitenganisha si rangi ya sukari

Wanaofahamu kwamba ninakeneka ramu, pombe kali ya miwa, nyumbani hudhani kuwa ramu nyeupe hutokana na sukari nyeupe na ramu nyeusi hutokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari inapotengenezwa. Dhana hiyo inaeleweka, lakini si kweli. Kukeneka ni kuchemsha mchanganyiko uliochacha na kukinga mvuke wake ukipoa, na mvuke haubebi rangi. Hata mtu akichemsha molasi nyeusi tii, kinachodondoka kwenye mrija ni kioevu kisicho na rangi yoyote. Kinachozitenganisha ramu hizi mbili ni aina ya mtambo, uamuzi wa mkenekaji kuhusu sehemu ya kuweka na sehemu ya kumwaga, na hatimaye mbao.

Kwanza suala la sheria. Ninaishi Auckland, na Nyuzilandi ni miongoni mwa nchi chache zinazomruhusu mtu kukeneka pombe kali nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, ruhusa iliyopo tangu 1996, ilimradi asiuze hata chupa moja. Msomaji aliyeko Tanzania asinifuate, kwa sababu huko kutengeneza gongo ni kosa la jinai, na Kenya nako sheria ya 2010 iliihalalisha chang'aa kwa mwenye leseni tu.

Sukari nyeupe tunayouziwa hapa husafishwa katika kiwanda cha Chelsea, kilichoko Birkenhead tangu 1884, kutokana na sukari ghafi ya miwa inayoletwa kwa meli. Ni safi kupita kiasi. Hamira inahitaji naitrojeni na madini ili izaliane, na katika maji ya sukari nyeupe pekee haivipati, hivyo hudhoofika. Tena mchanganyiko wenyewe huzidi kuwa na asidi kadiri unavyochacha, mpaka hamira inasusa kazi kabla sukari haijaisha. Kwa hiyo ninachanganya sukari hiyo na sukari guru ya maduka ya Wahindi, ile ya vibonge vya rangi ya asali ambayo bado inanukia muwa, na ndani ya pipa ninatia magamba ya chaza yaliyooshwa vizuri ili yapunguze asidi polepole. Molasi huuzwa kwa bei nafuu kwenye maduka ya wafugaji, lakini lazima lebo isomwe kwa makini, maana nyingine imeongezwa urea kwa ajili ya ng'ombe, nayo haifai kabisa kwa kazi hii.

Hesabu yenyewe si ngumu. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kileo. Kwa pipa la lita 25, kilo tano za sukari, nusu yake ikiwa sukari guru, hufikisha kileo cha asilimia 11 hivi. Kwa upande wa molasi, ambayo karibu nusu ya uzito wake ndiyo sukari inayochachuka, ninatumia kilo nne za molasi na kilo tatu za sukari ya kahawia ili nifike palepale. Joto lisivuke nyuzi 32, na hamira isitiwe kabla mchanganyiko haujapoa.

Kazi ya hatari ni ukenekaji. Mvuke wa kileo hushika moto upesi, kwa hiyo ninatumia jiko la umeme, mlango wa gereji ukiwa wazi, na sithubutu kuondoka wakati mtambo unafanya kazi. Mrija haupaswi kuzibwa kwa namna yoyote, na viungo vya shaba visiunganishwe kwa lehemu yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kuhusu methanoli, aina ya kileo chenye sumu, hofu ya watu ina msingi, ila mara nyingi inaelekezwa pasipostahili: sukari ya miwa haina pektini (gundi ya asili ya matunda na mimea) ya kutosha kuzaa methanoli nyingi, na vifo vya pombe haramu kama vile vilivyotokea Kenya Mei 2014 vilisababishwa na methanoli iliyochanganywa kwenye pombe. Hata hivyo matone ya mwanzo ninayamwaga bila huruma.

Ramu nyeupe ninaikeneka kwa mtambo wenye mnara, ambamo mvuke hupoa na kurudi chini mara nyingi kabla haujatoka, hivyo kileo hufika asilimia 90 na harufu nyingi hubaki nyuma. Ramu nyeusi huhitaji chungu cha kawaida cha shaba bila mnara, na ninaikeneka mara mbili. Hapo pua ndiyo kipimo. Sehemu ya kwanza hunuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kisha harufu hiyo hujiondokea na utamu wa muwa hujitokeza, nami ninabadilisha mtungi. Mwishoni huja harufu ya boksi la karatasi lililolowa. Kwa ramu nyeupe ninaacha kukinga mapema na kukataa kila kinachotia shaka. Kwa ramu nyeusi ninaruhusu kiasi fulani cha mwisho kiingie, kwa sababu mafuta yale mazito, yakikaa na mbao, ndiyo yanayoipa uzito mdomoni. Wajamaika huenda mbali zaidi: hurudisha mabaki ya chungu kwenye mchanganyiko mpya, na ramu yao hupata harufu ya ndizi mbivu iliyopitiliza.

Lita moja ya asilimia 90, ikiongezwa maji safi, hutoa lita mbili na robo za asilimia 40. Ramu nyeusi siiongezi maji mapema. Ninaiweka kwenye mtungi wa kioo ikiwa na asilimia 60, pamoja na vijiti vya mwaloni mweupe wa Marekani nilivyovioka kwenye joto la nyuzi 200 hadi jiko likanukia vanila. Harufu hiyo hutokana na lignini, kitu kinachoipa mbao ugumu, inayovunjika kwa joto. Rangi huanza kuonekana siku ileile, lakini ladha huchukua miezi, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini. Viwanda vingi huongeza sukari iliyounguzwa ili rangi ifanane chupa hadi chupa. Si kosa, ila mnunuzi anayepima umri wa ramu kwa weusi wake anadanganyika.

Kinyume chake pia kipo. Tangu siku za Facundo Bacardí, mwanzilishi wa ramu ya Bacardí aliyeanza kazi Santiago de Cuba mwaka 1862, mkaa umetumika kusafisha ramu, na ramu nyingi nyeupe za dukani zimewahi kukaa kwenye mapipa kabla ya kuondolewa rangi kwa kaboni, yaani mkaa wa kuchujia. Nyumbani siipendekezi njia hiyo kwa lita chache: kaboni haichagui, na pamoja na rangi huondoa vanila uliyoisubiri miezi yote.