Mafundo

Jana mwanangu aliona uzi umechomoza kwenye pindo la fulana yake. Akavuta, akavuta, pindo lote likaachia. Sikumgombeza. Aliuinua ule uzi kwenye mwanga akauliza, "Mama, huu umetoka kwenye nini?" Nikaenda kabatini kuchukua kitambaa cha bibi.

Likizo kilipofumwa nilikuwa na miaka tisa. Bibi alinipa kikapu cha pamba mbegu, jiwe bapa na kipande cha nondo kilichosuguliwa mpaka kikang'aa. Unaweka pamba kidogo juu ya jiwe, unaviringisha nondo juu yake kwa viganja, taratibu. Nyuzi zinapita chini ya nondo. Mbegu ni nene, haipiti. Inasukumwa mpaka inaachia nyuzi zake na kuruka mbele, imebaki na manyoya mafupi tu. Ina mlio wake: tk! Siri ni mkono mwepesi. Ukikandamiza, mbegu inapasuka.

Mimi nilikandamiza. Nilitaka kikapu kiishe kabla ya jua kuzama, na kikapu chenyewe hakiishi: kilo tatu za pamba mbegu hutoa kama kilo moja tu ya nyuzi. Mbegu zikapasuka, mafuta yake yakaacha madoa ya manjano, vipande vya maganda vikanasa humo humo. Nikavifunika kwa pamba safi, nikampelekea.

Akazichana nyuzi kwa brashi mbili za meno ya waya, kisha akashika kijiti chake cha kusokotea. Ukubwani nilikuja kusoma kwamba kila unyuzi wa pamba ni seli moja iliyoota kwenye ganda la mbegu, na kitumba, tunda la pamba, kikipasuka unakauka, unakuwa bapa na kujisokota wenyewe. Misokoto hiyo ndiyo inayofanya nyuzi zishikane. Siku ile nilichoona ni uzi ukirefuka kutoka vidoleni mwa bibi kana kwamba unatoka mwilini mwake.

Ukakatika.

Akapapasa pale ulipokatikia, akatoa kipande cheusi cha ganda kwa ukucha, akakitazama. Halafu akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nasikia moyo wangu unadunda. Akafunga fundo, kijiti kikazunguka tena. Ukakatika tena. Akafunga. Hakusema neno, na mimi sikusema.

Kufuma kulichukua siku chache. Uzi aliosokota kutokana na pamba aliyoichambua yeye akautandaza kuwa mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, kwa sababu mtande ndio unaovutwa muda wote, ukiwa dhaifu kazi yote inaharibika. Uzi wa pamba yangu akaupitisha kama mshindio, uzi unaokatiza mtande kwa upana, katikati kabisa ya kitambaa, madoa na mafundo yake yakionekana. Sijui kama ilikuwa hesabu ya fundi tu, au alitaka niyaone. Angeweza kuutupa. Nilikaa naye miaka mingi baada ya hapo na sikumuuliza.

Mwanangu alipitisha kidole juu ya mstari ule wa manjano, akawa anasimama kila penye fundo.

"Haya nani alifunga?"

"Bibi."

"Na nani aliukata?"

Nikamwambia ni mimi.