Meno yangu na safu ya florini

Siku ya kwanza bwenini, Kakamega, msichana wa kitanda cha juu aliniona nikicheka akasema, "Wewe ni wa Nakuru, si ndiyo?" Sikuwa nimemwambia. Meno yalikuwa yamesema.

Yana mistari ya kahawia, na mawili ya mbele ni kama yalilowekwa kwenye chai ya rangi. Nyumbani hakuna aliyeyashangaa. Tulikuwa watoto wa kisima kimoja, tunafanana. Kakamega ndipo nilipojifunza kucheka nimeziba mdomo. Mwalimu mmoja alinishauri nipige mswaki mara tatu kwa siku. Nilikuwa napiga mara nne.

Kidato cha pili tukafika kwenye jedwali la elementi. Zile ishirini za kwanza, haidrojeni hadi kalsiamu, tulishazikariri kwa wimbo ambao sitauandika hapa (una utovu wa adabu kidogo). Madam wa kemia akatundika chati, akasema tusisome kwenda kulia tu, tushuke chini pia. Florini, klorini, bromini, ayodini. Kila moja ina elektroni saba kwenye mzingo wa nje na inatafuta moja ya kutimiza nane, kwa hiyo zote zina tabia ya kunyang'anya. Ya juu, florini, ndiyo kali kuliko wenzake.

Klorini niliijua, ni ile ya maji ya mfereji. Ayodini imeandikwa kwenye pakiti ya chumvi, huzuia rovu. Na florini? "Hiyo iko kwenye visima vya Bonde la Ufa," akasema, "inatoka kwenye miamba ya volkano. Mtoto akiinywa kwa wingi wakati meno yanaundwa ndani ya ufizi, yanatoka na madoa." Hakuniangalia. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa somo lenyewe.

Nilipenda pia kisa cha Mendeleev, mwanakemia Mrusi aliyepanga jedwali hilo. Mwaka 1869 alipanga elementi kwa uzito, lakini ayodini ni nyepesi kuliko elementi iitwayo teluri, na kwa uzito ingeangukia safu ya wageni. Akaitanguliza teluri ili ayodini ikae na klorini na bromini, ambazo inafanana nazo kwa tabia. Mwaka 1913 Moseley, mwanafizikia Mwingereza, akaonyesha kwamba kinachopanga jedwali ni namba ya atomi, yaani idadi ya protoni zake: teluri 52, ayodini 53. Mzee alikuwa sahihi.

Likizo nikamweleza Mama habari ya florini, akanyamaza kwa muda. Maji yetu yote aliyachemsha, kila siku, kwa bidii. Kuchemsha kunaua vijidudu. Florini haiendi popote, na maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Sisi tulikunywa bila kupima.

Siku hizi ana chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ule uliowahi kutengenezwa na mradi wa maji wa Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru. Mwanzoni aligoma: "Maji ya mifupa? Nani atakunywa?" Lakini mfupa na jino vimejengwa kwa madini yale yale, kalsiamu na fosfeti, na florini huyang'ang'ania. Kilichonipata mdomoni sasa kinafanyika ndani ya ndoo.

Mtoto wa dada yangu ana miaka saba, meno ya mbele ya ukubwani yameanza kuchomoza. Kila asubuhi Mama humwita dirishani, "Fungua mdomo," kisha ananipigia simu.