Upanga na zumari huku Ayutthaya

Jamani kila nikipiga simu nyumbani mnaniuliza muay thai, muay thai, leo acheni niwaambie habari za krabi krabong, manake huu ndo mchezo ulionishika tangu nije kufundisha Kiingereza huku Ayutthaya, Thailand, na naona watu wetu wengi hawaujui kabisa.

Huu ni wa silaha. Kuna upanga uliopinda kidogo, kuna fimbo ndefu, kuna wanaoshika panga mbili huku na huku, kuna mti mrefu wenye bapa la upanga kwenye ncha ambao zamani walikuwa wanapigania juu ya ndovu, halafu kuna vile vipande viwili vya mbao vinafungwa mkononi mpaka kwenye kiwiko, jamaa anakinga navyo pigo la upanga na papo hapo anakutandika navyo.

Lakini hawaanzi kupigana hivihivi. Kwanza wanapiga magoti wanasalimu walimu wao, halafu kila mmoja anacheza peke yake polepole na silaha yake, anainua mguu, anageuka, anaunyanyua upanga juu, kisha wanapitana karibu karibu wakitazamana. Na muda wote huo ngoma mbili zinapigwa na zumari inalia! Mimi mtu wa Lamu nilisimama nywele zikanisisimka, hii si kirumbizi hii, ngoma yetu ya fimbo? Fimbo, ngoma, zumari, wawili wanazungukana katikati ya watu. Wao zumari yao wanaiita pi chawa, na ndiyo inayoendesha pambano lenyewe, ikienda pole wanacheza, ikikaza ndo unasikia chuma kwa chuma. Panga za maonyesho wanazifanya butu, za mazoezi wengi wanatumia za mti, lakini kasi ile ukikosea hatua moja unaumia kweli, hakuna mchezo pale.

Wenyewe hawauchukulii kama kiini macho cha watalii. Mji huu ulikuwa makao ya wafalme wao mpaka jeshi la Burma likauteketeza 1767, na kila mtoto anajua kisa cha Phraya Phichai, yule jemadari aliyepigana na panga mbili kule Uttaradit mwaka 1773, moja ikavunjika akaendelea nayo hivyohivyo, sanamu yake iko kule mpaka leo. Mfalme Chulalongkorn mwenyewe alijifunza mchezo huu. Baadaye ukaingizwa kwenye masomo ya michezo, ndo maana unakuta wasichana wa sekondari wanaupiga vizuri sana, na ole wako uruke silaha iliyolala chini, hiyo kwao ni kukosa adabu kubwa.

Inaniuma nikifikiria kirumbizi yetu tunaingojea Maulidi au harusi na vijana wanaoijua wanapungua kila mwaka, sisi tunashindwa nini kuipeleka shuleni?

Nilimrekodia mjomba wangu anayepiga zumari nyumbani. Habari za panga hata hakuuliza, alichosema ni kwamba huyo mpigaji hakati pumzi, anavuta kwa pua huku anapuliza, kama sisi. Halafu akataka kujua ile sehemu ya zumari inayoingia mdomoni wanatengeneza na nini. Nikaenda kuuliza, ni jani kavu la mvumo. Sasa ameniagiza nimtumie moja aijaribu.