Mmeona Nini?

Mei 2018 mvua ya masika ilikuwa imeugeuza mtaa wa Majengo, Kamukunji jijini Nairobi, tope tupu. Nilikuwa mhamasishaji wa kampeni ya chanjo ya polio, kibarua cha siku chache. Nilipewa fulana, kipaza sauti na furushi la mabango yenye picha ya mtoto anayecheka na agizo moja: kila mtoto wa chini ya miaka 5 apate matone. Kwenye kikao cha maandalizi tuliambiwa tusichimbe sana habari za sababu, watu wasije wakashtuka.

Siku ya kwanza nilitangaza mpaka sauti ikakauka. Watoto walitufuata wakishangilia. Mama zao walituchungulia nyuma ya mapazia. Muuguzi wangu, kisanduku cha barafu begani, alipiga hodi nyumba baada ya nyumba na jibu likawa lile lile: huyu ameshachanjwa, kitabu chake hiki hapa. Na kweli, vitabu vya kliniki vilijazwa vizuri. Wale hawakuwa watu wa kukataa chanjo. Hadi leo nikisikia wakazi wa mitaa kama ile wakiitwa wajinga, inaniuma.

Kesho yake tulimkuta bibi mmoja barazani akikaanga mahamri, mjukuu wake ameketi mkekani. Aliniuliza huku akiyageuza: "Mwanangu, huyu hajakosa chanjo hata moja. Mbona mwaja tena? Mmeona nini?"

Nilimtazama muuguzi. Akainamisha macho. Nikakiweka kipaza sauti chini.

"Bibi, mwezi wa Machi maji machafu ya huku Kamukunji yalipimwa, vikaonekana virusi vya polio. Hakuna mtoto aliyepooza. Lakini virusi hivyo hutoka na choo, hata cha mtu asiyeumwa. Mtoto akichezea mtaro ule pale kisha akatia mkono mdomoni, ndiyo njia yake. Na tangu 2016 matone ya kliniki hayana kinga ya aina ya pili ya virusi hivyo. Iliyoonekana ni hiyo. Haya tuliyobeba ndiyo yake."

Aliepua karai, akafuta mikono kwa leso. "Kumbe ndilo hilo. Na jana mlipita hapa mkipiga makelele, hamkusema."

Sikuwa na jibu.

Akataka kuiona chupa. Muuguzi alimwonyesha alama yake, mraba mweupe ndani ya duara: dawa ikipigwa na joto, mraba huo huzidi kuwa mweusi, na ukilingana na duara chupa haitumiki tena. Bibi aliisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa utulivu wa mtu anayekagua shanga za dhahabu. Kisha akamshika mjukuu kidevu mwenyewe. Matone 2. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikapakwa wino.

Alisimama, akaita kuelekea uchochoroni: "Mama Zuhura! Polio imeonekana kwenye majitaka! Leta mtoto, dawa nimeiona kwa macho yangu!"

Milango ilifunguka. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeagiza chupa nyingine.

Jioni niliyageuza mabango yaliyobaki, nikaandika mgongoni kwa kalamu ya wino mzito: Virusi vya polio vimeonekana kwenye majitaka ya Kamukunji. Matone haya ni kinga ya aina hiyo hiyo ya virusi. Muulize muuguzi akuonyeshe chupa. La kwanza nililibandika kwenye nguzo ya baraza ya bibi, naye akalishikilia chini lisipeperuke nikikata utepe wa gundi.