Kumbukumbu ya mradi wangu wa chesi: wiki ya 12 ya miisho ya ngome

Jumamosi, raundi ya nne. Dakika 90 kila mmoja, na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Nilipangiwa kete nyeusi dhidi ya mzee mmoja wa klabu ya jirani ambaye hajawahi kuniachia hata nusu pointi.

Ufunguzi ulikuwa Caro-Kann, hauna la kusimulia. Hatua ya 23 nikaharakisha kubadilishana farasi, kitunda, kete ndogo kuliko zote, kikanipotea. Kete zikapukutika hadi tukabaki na wafalme, ngome mojamoja na kitunda chake cha safu ya e. Moyo ukanidunda. Mwisho huuhuu ndio ulioanzisha mradi huu, na mpinzani alikuwa huyuhuyu.

Mwaka jana niliirudisha ngome a8 (safu ya a, mstari wa nane), nikidhani inamlinda mfalme wangu aliyekuwa e8. Mfalme wake akapanda e6, ngome yake iko h7, tishio ni mati, yaani mfalme wangu kunaswa na mchezo kuisha. Nikasogea d8. Cheki, yaani shambulio kwa mfalme, kutoka h8, mfalme wangu akakimbia, ngome ikaliwa.

Safari hii nikaiweka ngome a6, nikatulia. Philidor, yule Mfaransa, aliuchambua ulinzi huu mwaka 1777. Ngome inaulinda mstari wa sita ili mfalme wa adui asiukanyage. Adui akisukuma kitunda kwenye mstari huo, ngome inashuka hadi chini kabisa na kumpiga cheki kwa nyuma. Kitunda kimeshatangulia, mfalme hana tena pa kujificha. Nimeurudia kila jioni, dakika 30, vyombo vikishaondolewa mezani.

Mzee alikaa sana, kidole kikielea juu ya kitunda bila kukigusa, maana ukigusa umecheza. Akakisukuma e6. Nikashuka a1. Mfalme wake d6, cheki kutoka d1. Akaenda e5, cheki kutoka e1. Akarudi d6. Tukazunguka hivyo hadi cheki yangu ikawa inauleta mkao uleule mara ya tatu, jambo linalokupa haki ya kudai sare. Hapo sikuisogeza ngome. Niliiandika hatua kwenye karatasi, nikasimamisha saa, nikamwita mwamuzi. Ningeicheza kwanza, haki ya kudai sare ingehamia kwake.

Akanipa mkono. "Kijana, hii mwaka jana hukuwa nayo."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, mzee wangu."

Wiki ijayo nahamia upande wa pili, wa mwenye kitunda cha ziada: mkao wa Lucena, kitunda kikiwa mstari wa saba na ngome ikimjengea mfalme daraja. Kete nimeshazipanga.