Rebeka alipomwuliza Bwana habari za tumbo lake

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Mwanzo 25:19-26, tena taratibu, maana mistari hii tumezoea kuikimbia ili tuwahi habari za Esau na Yakobo. Kabla ya mapacha hao yupo mama yao.

Isaka alimwoa Rebeka akiwa na miaka 40, na watoto walipozaliwa alikuwa na miaka 60. Miaka 20 ya kungoja. Isaka akamwombea mkewe, Bwana akasikia, mimba ikatunga. Ungetegemea hapo ufuate wimbo wa shukrani, lakini haupo. Watoto wanashindana tumboni, na Rebeka anauliza maneno ya mtu aliyechoka kuishi: ikiwa ndivyo hivi, mimi niko ya nini? Mwanamke aliyeombewa akajibiwa, aliyebeba ahadi ya Abrahamu, amefika hapo. Na kilichomfikisha ni taabu ya mwili.

Nalikazia hilo kwa sababu mjamzito akitapika tunamwonea huruma, ila akilia bila sababu tunayoiona tunamwambia aongeze maombi. Kumbe ni mtu yule yule mmoja. Mfikirie mama wa miezi minane, saa tisa usiku, ameketi ukingoni mwa kitanda. Kiungulia kimempanda hadi kooni, mgongo hauna upande wa kuulaza, msalani ameshakwenda mara kadhaa, na mtoto ndiyo kwanza anaanza kucheza. Siku ya kwanza anavumilia. Usiku wa namna hiyo ukirudi wiki baada ya wiki, neno dogo la mumewe linamliza, sala haitoki, na anaanza kujiuliza kama kweli anampenda huyo mtoto. Uchovu ndio unaosema hapo.

Upungufu wa damu nao unajificha vivyo hivyo. Mwili unalegea, moyo unakwenda mbio kwa kazi ndogo, hamu ya kila kitu inapotea, na anayemtazama anaweza kudhani dada amepoa kiroho. Ndiyo maana kliniki humpima damu, na humpa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vya kila siku. Wapo wanaoviacha kwa kuwa vinawaletea kichefuchefu au vinawafungia choo. Dada yangu, usiviache kimyakimya. Mwambie mkunga, atakusaidia. Na mambo huenda pande zote mbili: mwenye huzuni nzito hali vizuri, halali, anaanza kukosa kliniki, na mwili unazidi kudhoofu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wajawazito 100 duniani, karibu 10 wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito inayodumu, na baada ya kujifungua karibu 13. Katika nchi zinazoendelea idadi ni kubwa zaidi. Basi tusidhani hawamo kwenye viti vya ibada zetu.

Sasa angalia jibu alilopewa Rebeka. Hakukemewa. Hakuambiwa ashukuru kwa kuwa wengine wanatafuta mtoto hawapati. Aliambiwa kilichomo tumboni mwake: ni wawili. Biblia haisemi kama maumivu yaliisha siku ile, lakini alikwisha kujua yanatoka wapi. Mimi naamini mkunga anayemkalisha mama akamweleza kwa upole kwa nini miguu inavimba, na uvimbe upi ni wa hatari, anafanya huduma ya namna hiyo hiyo. Kwenda kliniki na kuuliza hakupingani hata kidogo na kumwuliza Bwana.

Kwa hiyo wewe uliye mjamzito, sema. Huzuni ikidumu wiki mbili, karibu kila siku, mweleze mhudumu wa afya kama unavyomweleza maumivu ya kiuno. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usibaki peke yako, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama hujakatazwa, tembea kidogo, nusu saa hivi kwa siku. Kutembea huleta usingizi na kunyanyua moyo. Waume, Isaka aliomba kwa ajili ya mkewe, nanyi ombeni, kisha mchukue kazi za jioni ili yeye alale mapema, na siku ya kliniki mwende naye.

Kina mama wa ushirika, someni pia 1 Wafalme 19. Elia aliomba afe, na malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Swali la Bwana lilimfikia baadaye. Mkienda kumtembelea mjamzito, chakula kitangulie na mahubiri yafuate. Akisinzia katikati ya maombi, malizeni kwa sauti ya chini, mwoshe vyombo, muende.